Hamasa Kidato cha Pili

Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Nimerudi kutoka semina. Nimerudi mtu mwingine! Siku mbili za mbinu mpya za kufundisha, na kichwa kinachemka. Mwezeshaji, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, alituambia kwamba mwalimu asiye na hamasa huwalaza wanafunzi kuliko mto na blanketi. Nilisimama nikapiga makofi. Nilisimama peke yangu. Haidhuru.

Nimeyashika yote: sauti ya juu, kutembea darasani, nyimbo, mavazi, vifaa. Nilikosa kipindi cha mwisho tu. Kiliitwa "Kumpa mwanafunzi nafasi". Kichwa cha habari kimepooza namna hiyo, nani atakaa? Nilikuwa nyuma ya ukumbi nikifanya mazoezi ya kuingia darasani kwa kuruka.

Na hamasa hii imekuja wakati wake, maana kisu kimegusa mfupa. Mwalimu mkuu ametangaza kwamba muhula ujao kidato cha pili watachagua somo moja: ama Jiografia, ambayo ni yangu, ama Kilimo, ambacho ni cha jirani yangu wa meza. Watachagua kwa desturi ya shule yetu. Ijumaa, uwanjani, walimu wawili wanasimama wakitazama bendera, na kila mwanafunzi anajipanga nyuma ya mwalimu anayemtaka. Mwalimu haruhusiwi kugeuka. Sheria hiyo ililetwa baada ya mwalimu mmoja wa zamani kuwakodolea watoto macho mpaka wawili wakalia.

Mwenye mstari mfupi anapoteza somo na kukabidhiwa stoo. Stoo! Naijua. Madawati yasiyo na miguu, mifagio isiyo na mipini, na popo juu ya dari. Mimi niliyezeeka na mito na milima, leo nikaishi na popo? Sikubali.

Huyo mwalimu wa Kilimo wanafunzi wanamwita Karoti. Mpole, mwembamba, anatoa maneno kwa kijiko. Huwapeleka watoto bustanini, wakachimba, wakala karoti. Mkono mtupu haulambwi, naye anajua. Hiyo si mbinu. Hiyo ni rushwa ya mboga.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko stoo. Kitinda mimba wangu, binti yangu, yuko kidato hichohicho. Atasimama nyuma ya nani? Nimemuuliza mezani. Akasema hiyo ni siri yake. Nikamwambia mstari wa uwanjani hauna siri, shule nzima itaona. Akaomba chumvi.

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Siku kubwa! Nimemchukua binti nyuma ya baiskeli kama kawaida, na njia nzima nikawa nafanya mazoezi ya wimbo wangu wa tabaka za dunia. Naye njia nzima akawa ananichoma mgongoni kwa kidole. Ndiyo tabia yake tangu yuko darasa la kwanza: nikiimba au nikieleza jambo, kidole mgongoni. Mama yake anadai maana yake ni "Baba, nyamaza". Mama yake hajawahi kukaa mbele ya baiskeli. Mimi ndiye mwenye mgongo, na najua maana yake. Maana yake ni "endelea".

Mpango wa leo: kuingia kwa filimbi. Mwezeshaji alisema dakika ya kwanza ndiyo inayomkamata mwanafunzi. Basi nikajificha nje ya mlango, nikavuta pumzi mpaka kifungo cha shati kikaruka, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, nikaruka ndani nikiimba.

Nilisahau jambo moja. Kengele ya shule imepasuka tangu muhula uliopita, na sasa tunatumia filimbi. Mlio mmoja mrefu ni mapumziko.

Shule nzima ikatoka! Kidato cha kwanza mpaka cha nne! Waliokuwa kwenye mtihani wa hisabati wakaacha kalamu na kutoka mbio. Mpishi akaanza kupakua uji ambao haujaiva. Mimi nikabaki darasani juu ya kiti, naimba tabaka za dunia, na mbele yangu madawati matupu.

Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Akanikumbusha maana ya filimbi, akanikumbusha na maana ya mtihani, kisha akaichukua filimbi na kuifungia kwenye droo yake. Mwalimu wa hisabati hanisalimii.

Lakini tuseme ukweli. Nyuso zenye furaha kama zile sijawahi kuziona kwenye somo la Jiografia. Watoto wa kidato cha nne walikuja kunipa mkono! Mbinu inafanya kazi. Inahitaji kurekebishwa kidogo tu.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Leo mavazi. Mama watoto ni fundi cherehani, na jana usiku nilimbembeleza mpaka akakubali kunishonea dunia. Dunia nzima! Pazia letu la zamani la buluu, vipande vya kanga kuukuu vya kijani kwa ajili ya mabara, na ndani yake waya mnene wa kulifanya liwe duara. Aliposhona ncha ya kusini aliniuliza kama kweli serikali ilinisomesha kwa ajili ya hili. Nikamwambia mtu asiyefahamu hamasa asiitukane. Akakata uzi kwa meno.

Nimeingia darasani nikiwa dunia. Binti nilimpangia kuwa mwezi, anizunguke polepole. Akasema anaumwa tumbo. Basi mwezi akawa kijana mmoja ambaye husinzia tangu somo linapoanza mpaka linapokwisha. Akanizunguka mara moja, akaegemea ukuta, akasinzia wima.

Sikukata tamaa. Nikaanza kujizungusha mwenyewe kuonyesha usiku na mchana, huku nikieleza kwa sauti ya juu kabisa, maana ndani ya pazia mtu hajui kama anasikika. Nikazunguka, nikaeleza, nikazunguka. Msichana mmoja tunayemwita Kamusi kwa jinsi anavyojua mambo alinyoosha mkono. Alitaka kujua kwa nini sisi hatuhisi dunia ikizunguka. Nikamwambia maswali baadaye, asinikatize, dunia haisimami kwa ajili ya maswali. Akashusha mkono.

Kisha kizunguzungu. Mlango nikauona miwili. Nikachagua mmoja, na bahati mbaya ndio uliokuwa wa kweli, nikanasa. Nusu ya dunia nje, nusu ndani! Waya uling'ang'ania fremu. Darasa zima limefungiwa ndani na mimi ndiye kizibo. Hata hapo sikuacha kufundisha, niliendelea kueleza majira ya mwaka nikiwa nimetazama korido.

Aliyekuja kuniokoa? Karoti! Na mkasi wake wa kukatia matawi. Akakata waya taratibu, tak, tak, bila hata kucheka, jambo ambalo ni kiburi kikubwa sana. Alipomaliza akaniuliza kama nimeumia, akanipa karoti. Nikaikataa kwa heshima. Kisha nikaila chooni kwa sababu nilikuwa na njaa.

Sauti imeanza kukwaruza. Ni dalili ya kazi iliyofanyika.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Sina sauti! Nimeamka, nimefungua mdomo nimsalimie mama watoto, ikatoka hewa tupu. Akanitazama, akaniomba nijaribu tena. Hewa. Akaketi kitandani akatabasamu kama aliyepata likizo. Akanichemshia maji ya tangawizi na kusema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye baiskeli leo hapakuwa na kidole hata kimoja. Niliumia. Mtoto amekosa cha kushangilia.

Nilikuwa na mpango. Nitafundisha kwa vitendo, kama bubu wa jukwaani. Nyuma ya darasa letu kuna korongo ambalo kila mvua inaliongeza, na sasa linausogelea ukuta. Nikaandika ubaoni swali moja: "Korongo hili limetoka wapi?" Kisha nikageuka niigize mvua, maji, udongo, na majuto. Nilikuwa nimepanga kulala chini kwenye sehemu ya udongo.

Hawakunipa nafasi!

Nilikuwa bado nainua mikono niwe wingu, mmoja akasema limechimbwa na maji. Mwingine akamwambia ni uongo, ni ng'ombe wa jirani. Kamusi akawauliza maji yenyewe yanatoka upande gani, kwa sababu uwanja umelalia upande mwingine. Nikapunga mikono. Nikapiga meza. Mimi ni wingu hapa! Hakuna aliyenitazama. Ghafla wote wanasimama, wanatoka nje, na mwalimu wao anawafuata nyuma kama mkia.

Huko nje ndiko aibu ilikozidi. Wamechukua kamba ya nguo kwa mpishi, wanapima korongo. Wanabishana, wanafuta, wanapima upya. Yule kijana wa kusinzia, mwezi wangu wa jana, yumo korongoni, tope mpaka magotini, anapiga kelele kwamba ameona tabaka tatu za udongo za rangi tatu, njooni muone! Binti yangu, ambaye hajawahi kunyoosha mkono kwenye somo langu, amekaa juu ya tofali anachora ramani ya mteremko na kuwaamuru wenzake washike kamba vizuri. Mimi nimekaa juu ya jiwe. Nilitaka kuwaeleza jibu, ninalo, ninalo tangu mwaka juzi! Nikafungua mdomo. Hewa.

Mapumziko yalipopulizwa hawakutoka. Fikiria! Uji unapoa na wao wamo shimoni. Mwalimu mkuu akaja kuona kulikoni, nikajificha nyuma ya tangi la maji. Nikamsikia Kamusi akimwonyesha kwamba maji yote yanaanguka kutoka bati la ofisi yake, halina mfereji, na hapo ndipo korongo linapoanzia. Mtoto wa watu anamshtaki mwalimu mkuu kwa ramani! Mwalimu mkuu akainama, akaitazama ramani, akatazama bati, akajikuna kisogo.

Kila kitu kimeharibika. Darasa limenitoka mikononi. Kipindi kizima hakuna mtoto aliyenitazama, hakuna wimbo, hakuna vazi, hamasa sifuri. Nalala mapema. Nitaota popo.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Sauti imerudi nusu, nakoroma kama chura. Kesho ni mstari. Maji yamezidi unga, kwa hiyo nimeamua kutumia akili.

Karoti alikuwa avune bustani nzima leo jioni awagawie kidato cha pili. Zote! Siku moja kabla ya mstari! Nikajiambia dawa ya moto ni moto. Jirani wa shule ana mbuzi mmoja mlafi anayejulikana. Basi saa ya chakula cha mchana, wote wakiwa wanakula, nikapita bustanini kama mtu anayenyoosha miguu, nikainua komeo la geti, nikaliacha wazi. Kisha nikasogea pembeni nikamsubiri mbuzi kwa moyo unaodunda.

Mbuzi akaja! Akasimama getini. Akazitazama karoti. Akazinusa. Akageuka! Moja kwa moja akaenda kwenye uzio wa darasa langu, ambako nilikuwa nimeianika dunia yangu iliyoshonwa upya kwa ajili ya kesho. Akaanza na bahari. Nikatoka mbio nakoroma, nikamshika mkia, naye akanivuta na dunia yangu mdomoni, tukazunguka uwanja wote, tukapitia katikati ya bustani, tukatokea upande wa pili. Mabara mawili yameliwa. Yaliyobaki yana mate.

Karoti akafika anahema. Akaona geti wazi, akaona mbuzi, akaniona nimelala kifudifudi nimeng'ang'ania mguu wa nyuma. Na unajua alisema nini? Akanishukuru! Eti nimeiokoa bustani yake, eti sijui angefanya nini bila mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemlowa. Akaniambia pia kwamba watoto wa kidato cha pili wamemjia tangu asubuhi kumuuliza majani gani yanashika udongo, wanataka kupanda kwenye korongo, hawazungumzi kingine. Nikatabasamu kwa shida. Kumbe wameshaanza kwenda kwake! Nimekwisha.

Alinifungia fungu zima la karoti. Mama watoto amezipika zote. Zilikuwa tamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Wakati wa kulala nilimuuliza binti tena. Nikamwambia akisimama nyuma ya Karoti sitakasirika. Nilisema uongo. Akasema nilale, kesho si mbali.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Naandika hata kabla sijavua viatu!

Tumesimama mbele ya bendera, mimi na Karoti, bega kwa bega. Nimevaa kilichobaki cha dunia kama kilemba. Mwalimu mkuu akasoma sheria: asiyegeuka ndiye mwalimu. Lakini hakuna sheria inayokataza kioo, na mimi nilikuwa na kioo cha poda cha mama watoto ndani ya kiganja. Mpango safi kabisa. Nikakiinua kidogo nione nyuma. Jua likakipiga, likaruka, likaingia machoni mwa mwalimu mkuu. Akaziba macho kwa karatasi. Akaja, akanyoosha mkono, nikampa kioo. Akakitia mfukoni. Ana mali yangu nyingi sasa, yule mtu.

Kisha akapuliza filimbi yangu.

Miguu! Naisikia tu. Miguu mingi, inakimbia, kushoto, kulia, sijui. Upande wa Karoti nikasikia vicheko. Nyuma yangu nikasikia kimya. Jasho likanishuka. Nikafikiria stoo, nikafikiria popo, nikaanza kuwapa majina. Nikamnong'oneza Karoti kama anaona chochote. Akanong'ona kwamba naye anatazama bendera.

Niliogopa. Siandiki kwa mzaha. Sikuogopa mstari tena, niliogopa kwamba mtoto wangu mwenyewe amesimama nyuma ya mtu mwingine, na mimi nimempa mgongo siwezi hata kumwona.

Ndipo nikakisikia. Kidole. Kidole kimoja, mgongoni, palepale pa siku zote.

Nililia. Kilemba kikaanguka machoni, nikalia ndani ya bahari. Nikafungua mdomo nianze kumshukuru kwa sauti, kidole kikaja cha pili, kwa nguvu. Mwanangu!

Mwalimu mkuu akatuambia tugeuke. Mstari wangu! Ulipita nguzo ya goli, ukakata kona kwenye tangi la maji, ukaishia ukingoni mwa korongo! Wa Karoti ulikuwa mfupi, wa watoto wenye njaa. Kamusi yupo kwangu! Yule wa kusinzia yupo kwangu, na macho wazi! Karoti akanipa mkono, hata hakununa, na nikaona nimwahidi kukaa naye stoo kidogo siku za mvua. Niliruka juu mara tatu, goti likalia.

Tukirudi nyumbani nilimwomba binti aniambie siri. Kilichowavuta ni filimbi? Au dunia? Akashuka kwenye baiskeli akataka tutembee. Akasema ni Jumatano. Akasema Jumatano niliwauliza jambo moja la kweli, kisha nikakaa kimya, wakatafuta wenyewe, na hakuna somo walilowahi kulipenda kama lile. Akasema hata yeye alikuwa amepanga kwenda Kilimo mpaka siku ile. Akanishika mkono, akaniomba, tafadhali, Baba, muhula ujao tufanye hivyohivyo.

Nimelia tena. Watoto wa watu! Siku moja tu bila sauti yangu, na thamani yake wakaiona. Kweli kizuri hakijulikani mpaka kikosekane. Walipoikosa Jumatano wakahangaika mpaka wakatoka nje wakaingia shimoni! Nimemweleza mama watoto. Akachukua cherehani yake akaenda kushonea chumba cha pili.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Nimetoka kwa fundi redio. Nimenunua kipaza sauti! Kile cha mkononi, chenye mdomo kama tarumbeta. Fundi amenihakikishia kinasikika mpaka ng'ambo ya mto, na kina kitufe chekundu kinachotoa king'ora. King'ora! Hiyo ndiyo dakika ya kwanza. Kidato cha pili hawatakaa tena siku nzima wakiwa yatima wa sauti yangu. Na nikikauka koo, betri hazikauki.

Nimekifunga kwenye usukani wa baiskeli, nikampakia binti nyuma, tukaenda kukijaribu barabara kuu. Nimeeleza tabaka zote za dunia kutoka nyumbani mpaka sokoni. Watu wamesimama vibarazani. Mbwa wamenifuata. Muuza viatu ameziba masikio kwa viatu.

Na binti? Njia nzima, kidole mgongoni. Si kimoja, si viwili, mfululizo, kwa mikono yote miwili, na mwishoni hata kwa ngumi. Sijawahi kumwona na hamasa kiasi hicho!